Bibi Bwana, Gauni Lake Jeupe na Waliolibeba

Leo tumsome mwanamke aliyepita hapa kwetu Unguja mwaka 1891. Jina lake May French Sheldon, Mmarekani aliyekuwa akiishi London. Alitaka kwenda Kilimanjaro akiongoza msafara wake mwenyewe, pasipo mumewe wala Mzungu mwengine.

Alipofika Mombasa, wakubwa wa kampuni ya Kiingereza walimvunja moyo. Mwanamke na safari ya bara wapi na wapi? Akavuka kuja Unguja. Sultani wetu wakati huo, Sayyid Ali bin Said, akampa barua ya kumfungulia njia, naye akapata wapagazi zaidi ya 100. Wapagazi wakamwita Bibi Bwana, maana ni bibi lakini amri anatoa yeye.

Sisi tunaoshona tumevutiwa na mizigo yake. Ndani yake mlikuwamo gauni jeupe la kumeremeta na nywele za bandia za rangi ya dhahabu. Kila alipokwenda kuonana na wakubwa wa bara alijipamba kama bibi harusi, upanga kiunoni. Alijua kuwa mtu huanza kusomwa kwa vazi lake kabla hajafungua mdomo. Alibeba pia pete zilizochongwa jina lake, akazigawa zawadi njiani.

Akafika Taveta, akalizunguka ziwa Chala, akaingia Uchagani. Wakati wa kurudi aliumia, akabebwa hadi pwani. Mwaka 1892 alitoa kitabu, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampokea miongoni mwa wanawake wake wa mwanzo. Walipofika 22 wanaume wakafunga mlango, usifunguliwe tena mpaka 1913.

Ushujaa wake hatuukatai. Lakini tujiulize, gauni lile lilifikaje mlimani? Halikutembea. Lilikuwa kichwani mwa mtu, jua kali, miiba miguuni. Yeye mwenyewe alikuwa na machela yake, nayo ilikaa mabegani mwa watu. Na zama zile wapagazi wengi wa Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa, mabwana zao wakichukua sehemu ya ujira. Jina la bibi limebaki kwenye pete na vitabuni. Majina ya wapagazi, ambao huenda ni mababu zetu, tunayajua mangapi?

Dada zetu, hili si la zamani tu. Harusi zetu nazo ni misafara. Gauni moja lina aliyelikata, aliyekesha akitia shanga, na msichana aliyelipiga pasi alfajiri. Kuna mpishi wa biriani, mpaka hina, na kijana aliyebeba viti. Siku ikipita, picha hubaki na bibi harusi peke yake, na wengine bado wanadai fedha zao.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Basi bibi harusi, ukiandika orodha ya wageni, andika na ya waliokutumikia, kwa majina yao. Walipe kabla hujapanda gari, na waombee dua kama wanavyokuombea wewe.

Allah azibariki ndoa zenu na azijaze mapenzi na huruma. Aamin.