Mifereji ya Ilchamus wa Baringo

Katika nchi kame mkulima huutazama mto kabla ya kuitazama mbingu. Ndivyo walivyofanya watu wa Ilchamus wakaao kusini mwa Ziwa Baringo, ambao wasafiri wa kale waliwaita Njemps. Mvua ya kwao ni haba, lakini Mto Perkerra huwaletea maji kutoka nyanda za juu za upande wa Eldama Ravine. Kwa hiyo katika karne ya 19 walilima mtama na wimbi kwa mifereji, hali majirani wao wengi wakitegemea mifugo.

Kazi hiyo ilikuwa ya shirika. Mto ulizuiwa kwa magogo, matawi na mawe, maji yakaingizwa katika mfereji mkuu, kisha katika mifereji midogo ya mashamba. Gharika ilipobomoa kizuizi, watu walitoka pamoja kukijenga upya. Baraza la wazee liligawa zamu za maji na kuwaadhibu waliokwepa kazi.

Mavuno yalikuwa na wanunuzi. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani, iliyotafuta pembe za ndovu, ilipumzika hapo na kununua nafaka. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, na Teleki pamoja na von Höhnel mwaka 1887. Hata jirani aliyefilisika mifugo kwa ukame au maradhi alipokelewa hapo.

Kisha mambo yakageuka. Reli ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, misafara ikakoma, na soko la nafaka likafifia. Watu wakaweka akiba yao katika ng'ombe na mbuzi, na mikono ya kuzibua mifereji ikapungua. Mafuriko ya mwaka 1917 yalipouhamisha mto, mifereji ikabaki mikavu, na mara hii haikujengwa tena.

Mtu aweza kudhani kwamba watu hawa walirudi nyuma. Si haki kusema hivyo. Walikuwa wamekwisha kujenga upya mara nyingi. Lililopungua ni faida ya kufanya hivyo. Mwenye busara haulindi mfereji kwa ajili ya mfereji, bali kwa ajili ya watoto watakaokula.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa Perkerra huko Marigat kwa kazi ya mahabusu. Watugen na Ilchamus walilima humo kama wapangaji, chini ya amri za meneja. Vitunguu na pilipili vilileta fedha, lakini maji ya mto hayakutosha eneo lote lililokusudiwa. Tangu mwaka 1996 mahindi ya mbegu yameshika nafasi kubwa. Nje ya mradi, Ilchamus wengine walichimba tena mifereji yao wenyewe. Katika miaka ya 2010 na 2020 ziwa lilipanda, likameza nyumba na mashamba, na wengi wakalazimika kuhama.

Wazee wetu na wanachama wenzetu, habari hii yatuhusu. Mfereji hausimami kwa udongo peke yake; husimama kwa mapatano: nani atazibua, nani atangoja zamu yake, na mazao yatauzwa wapi. Likikosekana moja kati ya hayo, maji hupita mbele ya mashamba yetu yakaishia ziwani.