Chuma Kinacholiwa na Moto

Msomaji, ukipata nafasi ya kumtazama mhunzi akifua jembe, usiangalie nyundo peke yake. Tazama na chini ya fuawe. Utaona magamba meusi, membamba kama maganda ya kitunguu, yakidondoka kila chuma kipigwapo. Waswahili wa zamani waliziita takataka za namna hii mavi ya chuma, wala hapana haja ya kulionea haya jina hilo. Lakini magamba hayo si uchafu uliotoka nje. Ni chuma chenyewe, kilicholiwa na hewa katika moto.

Hapa Mbeere hasara hiyo ilikuwa nzito. Mwaka 1971 Jean Brown alichapisha makala juu ya uhunzi wa Mbeere ya kusini, yaani nchi hii yetu ya Kiritiri. Mtapo wa hapa ulikuwa mchanga mweusi ulioachwa na maji ya mvua. Mchanga huo uliunguzwa kwa makaa katika tanuri lililopulizwa kwa mivukuto, na bonge lililotoka lilikuwa limechanganyika na takataka, hata ikabidi kulirudisha motoni na kulifua mara nyingi. Kila safari ya motoni ilipunguza chuma. Hebu fikiri: mtu akusanye mchanga, akate miti, achome makaa, avukute mpaka mikono ife ganzi, kisha sehemu ya mali yake idondoke mavumbini!

Sababu yake ni hii. Chuma kikipita joto la digrii 570 hivi za sentigredi, hewa hukivika ngozi ya tabaka tatu. Tabaka la ndani, lililo nene kuliko yote, lina nafasi nyingi tupu, mfano wa ua lililofumwa vibaya. Chembe za chuma hupenya humo, zikatoka nje kukutana na oksijeni, na gamba likazidi kunenepa. Mhunzi wa kale hakuwa na habari za chembe hizo, walakini mhunzi stadi wa nchi yoyote alijua kukifukia chuma ndani kabisa ya makaa, mahali ambapo oksijeni imekwisha kutumiwa na moto, asikiache wazi mbele ya upepo wa mvukuto.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Chuma cha kigeni kikaingia bara kwa wingi, na matanuri ya mchanga yakazimika moja baada ya moja. Mimi nauhesabu huo kuwa msiba, ijapokuwa jembe la dukani lilipunguza taabu, kwa maana ujuzi mwingi ulizikwa pamoja na wenyewe. Na chuma hicho cha wageni nacho kililiwa na moto vile vile.

Dawa ilipatikana kwa kukitia chuma kitu kingine. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha pua kitakachostahimili joto ndani ya mitutu ya bunduki. Akatengeneza kilichokuwa na kromi karibu sehemu 13 katika 100. Kromi huiwahi oksijeni kabla ya chuma, ikafanya ngozi nyembamba iliyoshikamana, ambayo chembe hazipenyi ila kwa taabu. Baadaye huko Uswidi Hans von Kantzow alichanganya chuma, kromi na alumini kidogo, akapata waya uitwao Kanthal, ambao huweza kuwa mwekundu kwa miaka bila kuteketea.

Lakini ngozi nzuri nayo hubanduka, chuma kikipata moto na kupoa mara kwa mara. Hapo ndipo panapostaajabisha. Mwaka 1937 Mwingereza L. B. Pfeil alipewa hataza ya kutia madini adimu, kama vile seri, kwa kiasi kidogo mno. Siku hizi hutiwa hata sehemu chache tu katika 10,000: ni kama chumvi ya kuonja katika sufuria kubwa. Chembe hizo hukaa katika viungo vya ngozi na kuziba njia, tena huinasa salfa ambayo ingelegeza ngozi hiyo. Gamba hushika, halidondoki.

Tangu mwaka 1968, bwawa la Kindaruma lilipoanza kutoa umeme katika mto Tana, nguvu za mto huo jirani yetu zimekuwa zikitia wekundu nyaya za majiko ya umeme mijini. Nasi hapa, mvua kubwa ikisha kunyesha, chukua sumaku ukaiburute katika mchanga wa korongo. Itarudi na ndevu nyeusi.