Bakuli Chini ya Birika: Pwani Walifuga Samaki Ndani Kabla ya Pampu na Umeme

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, kabla hujamaliza kilomita 20, kuna kijiji kinaitwa Tongoni. Wengi wanapita tu, wanawahi fukwe za Pangani. Wanaosimama wanakuta gofu la msikiti wa karne ya 15 na makaburi kama 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengine yalikuwa na minara, na mingi ya hiyo minara sasa imelala chini. Waliozikwa humo ni kina nani? Mengi ya makaburi hayana jina wala tarehe. Kinachoonekana ni vishimo vya duara kwenye kuta, saizi ya bakuli la uji.

Na ni mashimo ya mabakuli kweli. Yalikuwa mabakuli ya kauri kutoka China, yamegandishwa kwenye chokaa kama pambo. Kipindi hicho kuwa na bakuli la China lilikuwa jambo kubwa, na kulitia ukutani halafu usilile tena ndio kujionyesha kwenyewe. Baadaye watu wakayabandua, yakabaki mashimo.

Tongoni ya zamani iliitwa Mtangata, na haikuwa kijijini. Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya hapo. Wenyeji wakaifuata na vyombo viwili, kimoja kimejaa machungwa, na Mreno aliyekuwa anaandika habari za safari akakiri machungwa yale ni mazuri kuliko ya kwao. Januari 1499, wakati wanarudi, mabaharia wengi wameshakufa, wakaichoma São Rafael hapo hapo maana watu wa kuiendesha hawatoshi. Kwa hiyo vitabu vinalijua jina la meli iliyoungua. Jina la mwenye machungwa hakuna.

Sasa mjini watauliza: haya yote yanahusiana nini na tangi la samaki sebuleni? Yanahusiana kupitia lile bakuli.

Mabakuli ya China hayakukaa makaburini tu. Kaskazini ya hapa, kwenye nyumba za mawe za Lamu na visiwa vya jirani, fundi alikuwa anajenga birika. Birika hapa sio la chai, jamani. Ni tangi la maji la kujengwa, lipo msalani au karibu na mlango wa msikiti, limepigwa plasta ya chokaa ndani. Watu wanachota maji kwa kata, wanaoga, wanatawadha. Na humo ndani wanaishi samaki wadogo, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu.

Chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, fundi alikuwa anazamisha bakuli la kauri. Siku ya kusafisha, au maji yakiisha, birika linakauka lakini bakuli linabaki na maji. Samaki wanakimbilia humo wanasubiri. Ukienda kwenye nyumba ya makumbusho ya Waswahili pale Lamu unaonyeshwa birika la namna hiyo mpaka leo.

Hebu fikiria akili iliyotumika. Fundi hana shule ya baiolojia, lakini ameshajua mambo matatu: mbu wanatokea kwenye maji yaliyotulia, samaki wanawala wakiwa bado wadogo, na samaki huyo naye ana mahitaji yake, hasa siku ya usafi. Habari ya mbu kubeba malaria ilithibitishwa 1897, India, na Ronald Ross, akapata na tuzo ya Nobel. Fundi wa birika hakuthibitisha kitu, yeye alikuwa anataka watu wasinyonywe damu wakiwa wanaoga.

Swali linalowatesa wafugaji wa leo ni hili: wale samaki walikuwa hawafi kwa nini? Hakuna pampu, hakuna filta, hakuna umeme.

Samaki anapokula anatoa uchafu, na uchafu huo unatoa amonia. Amonia ni sumu, kiasi kidogo tu kinaunguza matamvua yake. Lakini kwenye kila kitu kinacholowa maji muda mrefu, iwe ukuta, jiwe au mchanga, kunaota ule utelezi, na ndani ya utelezi wanaishi bakteria wanaokula amonia. Kundi la kwanza linaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitreti, na hiyo samaki anaivumilia. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenganisha bakteria hao maabara miaka ya 1890 hivi. Kwenye ukuta wa birika walikuwepo siku zote.

Halafu kuna watu wenyewe. Swala tano kwa siku, kila mtu anachota, maji yanamwagika nje, hayarudi ndani. Jioni mtu anateka kisimani anajaza. Yaani birika lilikuwa linabadilishwa maji kidogo kidogo kila siku, jambo ambalo mwenye tangi la kioo leo anaambiwa afanye kila wiki na hafanyi. Samaki wachache, maji mengi, ukuta mpana wenye utelezi, na chokaa inayozuia maji yasigeuke kuwa na asidi. Birika zima lilikuwa filta.

Ulaya walikuja kulifikia jambo hili kwa njia yao. Uingereza ilifuta kodi ya vioo 1845, kioo kikashuka bei. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, akawaeleza wenzake jinsi alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na majani ya majini na konokono, wakakaa vizuri. 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, watu wakafurika. Kila sebule ya wenye nazo ikataka tangi. Na samaki wakafa kwa wingi, maana watu walinunua kioo na samaki, hawakununua subira.

Suluhisho la rahisi lilienea majumbani miaka ya 1950 na 1960, plastiki ilipokuwa ya bei nafuu: filta ya chini ya changarawe. Ni sahani yenye matundu, inakaa juu kidogo ya sakafu ya tangi. Juu yake inamwagwa changarawe, kina cha sentimita 5 mpaka 8. Kwenye kona kunasimama mrija, na pampu ndogo inapuliza hewa chini ya mrija huo. Mapovu yakipanda yanabeba maji, maji yanayopanda yanaacha nafasi chini ya sahani, na maji ya juu yanavutwa kupita kwenye changarawe kuja kujaza. Maji yanazunguka hivyo usiku na mchana. Kila punje ya changarawe inaota utelezi, na tangi dogo linapata eneo la kuishi bakteria kubwa kuliko kuta zake mara nyingi.

Jambo zuri ni kwamba hiyo kitu inatengenezeka nyumbani, na vijana wengi duniani waliitengeneza kabla hawajawahi kuiona dukani. Bomba la plastiki la nusu inchi, elbo nne, tii mbili tatu. Unakata kwa msumeno wa chuma, unaunga fremu inayoingia chini ya tangi, unatoboa matundu upande wa chini, unafunika na wavu wa dirishani ili changarawe isizame. Mrija mmoja unapanda juu. Pampu ya hewa ndio kitu pekee cha kununua cha maana. Fundi bomba wa mtaani ukimchorea tu anaelewa, maana kwake ni kazi ya nusu saa na vipande vilivyobaki kwenye kazi ya jana.

Wataalamu wa leo wanaidharau, wanasema imepitwa na wakati, kuna filta za kuning'iniza na za kopo zenye nguvu zaidi. Sawa, ila zile zinataka vipuri vya kuagiza. Ugonjwa wake wa kweli uko kwingine, nao kwa huku kwetu ni mkubwa: umeme. Ukikatika, maji yanasimama ndani ya changarawe. Bakteria wale wanahitaji oksijeni kama samaki. Baada ya saa kadhaa imeisha, wanaanza kufa. Umeme ukirudi usiku wa manane, pampu inaamka na kusukuma ule uozo moja kwa moja kwenye maji. Asubuhi mwenye tangi anakuta samaki wamelala ubavu, analaumu chakula, analaumu aliyemuuzia. Wenye uzoefu umeme ukizima wanachukua kikombe, wanachota maji na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa, na kabla ya kuwasha pampu tena wanafyonza uchafu wa kwenye changarawe kwa mpira. Kikombe na mkono. Kata na birika, tena.

Kosa lingine ni haraka. Bakteria wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa kwenye changarawe mpya. Mtu ananunua tangi Jumamosi na samaki kumi siku hiyo hiyo, wiki mbili hakuna hata mmoja. Anayejua anaanza na samaki mmoja wawili wagumu. Na haoshi changarawe kwa maji ya bomba yenye klorini, maana klorini imewekwa kuua bakteria, na itawaua wote.

Changarawe yenyewe sasa. Watu wa pwani wengi wanawaza ufukweni, vipande vya matumbawe vimejaa bure. Vinafaa kwa samaki wanaopenda maji magumu, na huko Ujerumani na Marekani wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa Kigoma, wamevitumia sana kwa sababu hiyo. Kwa samaki wengine vinaharibu maji. Ukitaka kujua mawe yako yana chokaa, yakamulie limau. Yakitoa povu, yanayo. Ila Tongoni na pwani yake imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyotangazwa 2009 baada ya wavuvi wa jarife kuanza kumnasa yule samaki ambaye wanasayansi mpaka 1938 walidhani alikwisha na madainosaria. Huko hujichotei matumbawe bila kibali. Kokoto ndogo za mtoni zinatosha, na mwamba uliopigwa baruti miaka mingi na wavuvi haramu hauhitaji mtu mwingine wa kuumega.

Ukisimama nyuma ya magofu ya Tongoni bahari ikiwa imekupwa unaona mtambo wenyewe, mkubwa, bila kioo. Mikoko, tope, mchanga, na maelfu ya kaa waliotoboa mashimo. Wakati wa bamvua bahari ya huku inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Inapojaa, maji yanaingia kwenye mashimo ya kaa na katikati ya punje za mchanga. Inapokupwa yanatoka. Bakteria wa kwenye tangi la sebuleni wana ndugu zao humo, wanafanya kazi ile ile, na pampu ni mwezi. Mkoko ukikatwa mchanga unaondoka, na bahari inasogea kwenye makaburi. Huko tayari inasogea.

Birika lenyewe lilikufa kimya kimya. Bomba likafika, likaja tangi jeusi la plastiki lenye mfuniko, birika likakauka au likavunjwa kupanua choo. Lakini bomba la pwani halitoki kila siku, kwa hiyo watu wakaongeza ndoo, mapipa, madumu yaliyokatwa. Maji yakarudi kukaa ndani ya nyumba, safari hii bila samaki. Mwaka 2019 dengue ilipopiga Dar es Salaam na Tanga, kila tangazo lilikuwa linasema funika maji, mwaga maji, maana mbu wa dengue anapenda hasa maji ya kwenye vyombo vya nyumbani. Kwenye matangazo hayo hakukuwa na samaki. Wazee wa mitaa ya zamani waliokuwa wanajua ni samaki gani anadumu kwenye birika, anatolewa wapi, na wawekwe wangapi, hawakuulizwa, na wengi wao sasa hawapo.

Kwa hiyo wadau wa Tanga, Pangani, Bagamoyo, Unguja, Mombasa na Lamu: kwa bibi yenu kulikuwa na birika lenye samaki? Walikuwa wanaitwaje, na nani alikuwa anawaleta? Shusheni hapo chini.