Mafuta, Chokaa na Mbao za Nje

Mwenye jirani asiyejua kusoma na amwite, aketi karibu, asikilize. Somo letu la leo ni historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya ubao unaokaa nje, na jinsi watu walivyoulinda.

Kwanza, nenda ukautazame mlango wako. Mahali panapopigwa na jua pamekuwa kijivujivu. Chini, mahali mvua inaporukia, pana nyufa. Je, ni nani aliyefanya hivyo? Maadui wa ubao ni wanne. Jua huvunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za ubao. Maji huuvimbisha ubao, nao ukikauka hunywea, basi hupasuka. Kuvu huota katika ubao mbichi na kuuozesha. Wa nne mnamjua: mchwa.

Wazee wa pwani yetu waliwajua maadui hawa zamani sana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa uimara. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya Kilwa kwa nakshi zake. Mpaka leo, ukienda Lamu, Bagamoyo au Mji Mkongwe wa Unguja, utaona milango ya kale ingali imesimama. Siri ya kwanza ni mti wenyewe. Mafundi walichagua msaji na mvule, miti ambayo ina mafuta na dawa yake ndani, hata mchwa haipendi.

Lakini fundi aliyejua zaidi kulinda ubao alikuwa fundi wa vyombo. Ubao wa mlango hupata mvua. Ubao wa jahazi hulala baharini. Tena baharini wamo wadudu wanaotoboa mbao, wakaifanya kama chujio. Basi mabaharia walifanya nini? Chombo kilipokwama pwani maji yakitoka, walikikwangua chini, wakakipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Sehemu ya juu, isiyoingia majini, waliipaka sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Harufu yake mbaya, lakini kazi yake njema: huingia ndani ya ubao na kuzuia maji. Nao hawakupaka mara moja wakasahau. Walirudia, msimu baada ya msimu.

Mwaka 1838, huko Uingereza, John Bethell alipata hati ya njia mpya. Alitia mbao ndani ya pipa kubwa la chuma, akasukuma ndani yake kreosoti, mafuta meusi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe. Mbao za reli na nguzo zikadumu miaka mingi. Mwaka 1933, huko India, Sonti Kamesam alitengeneza dawa ya shaba, kromi na aseniki. Nguzo zilizotiwa dawa hiyo huwa na rangi ya kijani hafifu.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa pana uhai wa watu. Aseniki ni sumu kali. Mwishoni mwa mwaka 2003 Marekani iliacha kutia dawa hiyo katika mbao nyingi za majumbani. Mwaka huo huo nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia kreosoti isiuzwe kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo, ukiokota kipande cha nguzo ya kijani au nyeusi, usikifanye kuni. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Usipikie chakula cha watoto wako juu yake.

Basi, mwenzangu, mlango wako utaufanyaje? Fuata njia ya mabaharia. Ngoja siku kavu. Piga msasa mpaka ule ukijivu utoke. Kisha paka mafuta ya mbegu za kitani, au dawa ya mbao yenye rangi, ukifuata nyuzi za ubao. Rangi si urembo tu. Ni mwavuli, maana unga wake hulizuia jua. Ncha za ubao zipake mara mbili au tatu, kwa kuwa hapo ndipo ubao unaponywa maji zaidi. Mafuta yaliyobaki juu, yafute kwa kitambaa. Mafuta ya nazi hayafai, kwa sababu hayakauki, hukusanya vumbi. Vanishi nayo hung'aa, lakini juani hupasuka na kubambuka, maji yakaingia chini yake.

Neno moja la hatari: vitambaa vyenye mafuta ya kitani, ukivirundika, hupata moto vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie katika ndoo ya maji.

Mwaka ujao, mwagia mlango matone ya maji. Yakisimama kama juu ya jani la mgomba, vema. Yakinywewa, paka tena.

Maswali ya kuzungumza darasani: Deheni ilitengenezwa kwa vitu gani? Kwa nini rangi huitwa mwavuli? Je, nyumbani kwenu kuna kuni zilizotoka katika nguzo za zamani? Ukirudi leo, kaangalie kabla moto haujawashwa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.