Kitabu cha Maelekezo Kusini: Kutoka Trekta la Karanga hadi Bomba la Salfa

Nkowe leo ni kata katika Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea. Katika nchi hii ya mikorosho, kitabu cha maelekezo ya ufundi kilianza kama mali ya mtaalamu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa miongoni mwa vituo vyake pamoja na Kongwa na Urambo. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Mitambo ilikuja na vitabu vya Kiingereza, na kwa kijana wa Kimwera aliyekabidhiwa usukani, kitabu hicho kilikuwa kimefungwa hata kilipofunuliwa. Alijifunza kwa kumtazama fundi. Mwaka 1951 mpango ulifutwa.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma, lakini serikali haikungoja wote wahitimu kisomo ndipo iwaandikie. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi kwa majuma 12, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kikundi kilisikiliza redio, kisha mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wengine wakauliza, wakabishana, wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi ya mbu. Malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu vilielezwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uandishi wa maelekezo ulipofikia kilele chake nchini. Mwandishi alijua kwamba maneno yake yatasomwa kwa sauti mbele ya watu watakaoamka kesho yake na majembe, kwa hiyo sentensi ndefu isingefaa.

Kisha likaja janga la korosho. Mavuno ya taifa yaliyofikia kama tani 145,000 msimu wa 1973/74 yalianguka hadi zipatazo 16,500 msimu wa 1986/87. Bei ndogo na wakulima kuhamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao ya zamani, vilichangia. Ugonjwa wa ubwiriunga ukazidisha anguko hilo. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walihimiza kupuliza salfa dhidi yake, na maelekezo yakalazimika kuwa makini: puliza alfajiri umande ungali majanini, mikorosho inapochanua, nawe umejifunika pua na mdomo. Mkulima asiyepata karatasi ya maelekezo hayo alimtegemea bwana shamba, na bwana shamba mmoja alihudumia vijiji vingi.

Sasa simu imechukua sehemu ya kazi hiyo. Video humwonyesha mtu namna ya kufungua bomba la kupulizia, jambo ambalo mchoro hafifu haukuliweza. Hata hivyo lebo ya kiuatilifu haina budi kuchapwa kwa Kiswahili fasaha, kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu kipimo cha dawa hutafutwa shambani, mahali ambapo mtandao hukatika na chaji huisha.

Vijitabu vya Mtu ni Afya vinazidi kupotea. Aliye na nakala sandukuni, Nkowe au kwingineko, asiichome wala asiifungie maandazi. Aipeleke maktaba ya mkoa au Nyaraka za Taifa, vijana wanaoandika maelekezo leo wapate pa kujifunzia.