Malindi na Wageni Wake

Kaskazini ya Malindi, katika mji mdogo wa Mambrui, pana kaburi la kale lenye nguzo, ambalo wajenzi wake walilipamba kwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Katika magofu ya Gede vimefukuliwa vipande vingi vya vyombo vya namna hiyo. Tena mwaka 2010 wataalamu wa Uchina na Kenya, wakichimba Mambrui, walipata sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala Uchina tangu 1402 hata 1424. Basi mali ya Uchina ilijulikana pwani hii kabla Mzungu hajatia nanga.

Yongle alimtuma amiri wake Zheng He katika bahari ya Hindi. Safari zilikuwa saba, kati ya 1405 na 1433, na ya kwanza ilikuwa na watu zaidi ya 27,000. Siku hizo Malindi ilishindana na Mombasa, nayo ilihitaji rafiki mkubwa. Mwaka 1415 wajumbe wake walifika Uchina na zawadi ya twiga. Wachina walistaajabu sana, wakamfananisha na mnyama wa baraka wa hadithi zao. Katika safari iliyoanza 1417, merikebu za Zheng He ziliwarudisha wajumbe kwao.

Lakini gharama zilikuwa kubwa, na maadui wa Uchina walikuwa upande wa kaskazini, nchi kavu. Baada ya 1433 safari zikakoma. Malindi haikuulizwa neno. Rafiki alikwenda zake.

Mwaka 1498 akaja mgeni wa pili, Vasco da Gama, Mreno. Mombasa hawakumwamini. Malindi, kwa sababu ileile iliyowapeleka wajumbe Uchina, ilimkaribisha, ikampa chakula na rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi. Haukupita mwezi akafika Calicut.

Urafiki huo ulizaa nini? Mwaka 1505 Wareno waliichoma Mombasa, na Malindi ikafurahi. Hata hivyo Mombasa ilikuwa na bandari bora. Wareno walipoitwaa, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mfalme wa Malindi wakamhamishia huko. Mji ulioachwa ukafifia. Mfalme Hasan wa ukoo huo aliuawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno wenyewe. Mwanawe, Yusuf, waliyemlea Goa na kumbatiza, aliasi mwaka 1631, akamwua kapiteni wa ngome.

Mtu asidhani kwamba mgeni mmoja alikuwa mwema na wa pili mwovu. Zheng He naye alichukua askari, na mwaka 1411 alimteka mtawala wa Ceylon akampeleka Uchina. Kila taifa kubwa husafiri kwa haja zake. Kosa la Malindi halikuwa kukaribisha wageni, kwani mji wa bandari huishi kwa wageni. Kosa lake lilikuwa kutumia nguvu za mgeni kumshinda jirani, hata ikabaki haina nguvu zake yenyewe.

Leo mashindano yamerudi kwa sura nyingine. Uchina ilianza kubadili uchumi wake mwaka 1978, na mwaka 2010 ikaipita Japani, ikawa ya pili duniani baada ya Marekani. Reli ya zamani ya Mombasa ilijengwa na Waingereza, ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, imejengwa na Wachina kwa mkopo wa Uchina. Nayo Marekani, mwaka 2024, iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu nje ya umoja wa kijeshi wa NATO.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hilo ni kweli, ila mwenyeji haponi kwa kuja kwa mgeni tu. Hupona akijua anachotaka, akiusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na akishauriana na jirani yake kwanza. Malindi na Mombasa hazikushauriana, na ngome ya Mreno ingali imesimama kuwa ushahidi.