Jina la Rwagasore na Viwanja vya Bujumbura

Siku ya 1 Julai 2019, Warundi walipokuwa wakiadhimisha kutimia miaka 57 ya uhuru wao, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza majina mapya ya mahali patatu pa fahari katika Bujumbura: kiwanja cha ndege kilipewa jina la marehemu Rais Melchior Ndadaye, ikulu mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China upande wa kaskazini ya mji, ilipewa jina la Ntare Rushatsi, ambaye masimulizi ya kale humtaja kuwa mwasisi wa ufalme wa Burundi, na uwanja mkubwa wa michezo, ambao vizazi vya wapenda mpira viliujua kwa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore, ukaitwa Intwari, yaani mashujaa. Hivyo katika siku moja, kwa tamko moja, marehemu mmoja alipewa ardhi na marehemu mwingine akapokonywa, na wote wawili ni watu waliomwagiwa damu yao kwa sababu ya kuiongoza nchi ile ile.

Ada ya kumwenzi kiongozi kwa kuandika jina lake juu ya uwanja, bustani au barabara si ya asili katika milima ya Burundi. Wafalme wa kale, walipofariki, walizikwa kandokando ya msitu wa Kibira, na mahali pao palilindwa na watunzaji waliorithishana kazi hiyo baba kwa mwana, ambao walijua kila mti na kila njia, wala hapakuwako ubao wala maandishi. Aliyestahili kujua alijua, na asiyestahili alipita mbali. Ubao wenye jina ulikuja na mji, na mji wenyewe ulikuja na ngome. Wajerumani waliweka boma lao pembezoni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1897, na mahali hapo pakajulikana kwa jina la Usumbura; Wabelgiji wakalitwaa mwaka 1916, wakalifanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, wakachora barabara pana zenye miti, wakazipa majina ya kwao. Uhuru ulipofika, mji ukaitwa Bujumbura na barabara nyingi zikabatizwa upya, lakini si kila kitu kilichobadilishwa. Hospitali kubwa ya Prince Régent Charles ingali inaitwa kwa jina la ndugu yake mfalme wa Ubelgiji, aliyeshika ulezi wa kiti cha ufalme wa nchi hiyo tangu 1944 hata 1950, na mama wa Kirundi anayepeleka mtoto mwenye homa huko hulitamka jina hilo bila ya kujiuliza Charles alikuwa nani. Nalisema hili mapema kwa kuwa linanishughulisha: mwanamfalme wa Ubelgiji amebakiziwa hospitali yake, na mwanamfalme wa Burundi ameondolewa uwanja wake.

Kumfahamu Rwagasore kunataka kwanza kufahamu Buyenzi. Mtaa huo, pamoja na Bwiza ambao wazee waliuita Belge, ulikuwa makazi ya watu ambao serikali ya kikoloni haikujua iwaweke wapi katika daftari zake: wafanyabiashara waliotoka Ujiji na Uvira, wana wa askari wa Kijerumani, Wamanyema, Warundi waliosilimu na kuacha ng'ombe na mashamba wakaja kushona, kuchoma mishikaki, kuuza samaki na vitambaa. Wabelgiji waliwaita watu walio nje ya mila, wakawatenga chini ya utawala wa namna yake, mbali na machifu, na mtaa wao wakaupanga kwa mistari iliyonyooka kama madaftari ya hesabu. Barabara zake hazikupewa majina ya watu. Zilipewa nambari, na nambari hizo zingalipo hata leo, kiasi kwamba mtu wa Buyenzi, akiulizwa kwake ni wapi, hujibu kuwa ni avenyu ya saba au ya kumi na tatu, na fundi wa magari anayelala chini ya lori lililopanguliwa hukuelekeza kwa nambari vilevile, bila ya kuutoa uso wake chini ya injini.

Watu hao wasio na majina barabarani hawakuwa watu wa kunyamaza. Katika miaka ya 1950 utawala wa Kibelgiji uliwatoza kodi wanawake waishio mjini pasipo mume, na kodi hiyo iliwaangukia wajane na walioachwa sawasawa na wale ambao serikali iliwadhania kuwa wanaishi kwa ukahaba. Ikawa kulipa kodi ni kukiri mbele ya watu sifa ambayo mwanamke wa Kiislamu, mwenye kusitiri heshima yake kwa buibui na kwa ukoo, asingeweza kuikubali. Wanawake wa Buyenzi waliigomea. Walikuwamo miongoni mwao wajane wenye nyumba zao, waliokuwa wakipangisha vyumba na kulea wajukuu, na serikali ilistaajabu kuona kwamba jambo dogo katika daftari la mhasibu limekuwa fedheha na ghadhabu ya mtaa mzima.

Ni katika mji wa namna hiyo alimorejea Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932, akasomeshwa Astrida na kisha Ubelgiji. Mtu wa nasaba yake angeweza kukaa juu ya kilima na kupokea heshima za watu. Yeye alishuka bondeni. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na wateja na wanachama wake wa kwanza walitoka sana katika maduka ya Waswahili wa Usumbura, waliochoshwa na bei za wenye maduka makubwa. Ushirika haukufaulu kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa fedha zilipungua na serikali haikupenda kuuona ukisimama. Lakini mazoea yaliyopatikana humo, ya kukaa pamoja mwana wa mfalme na muuza nguo juu ya benchi moja wakihesabu magunia, yalikuwa mtaji ambao serikali haikuweza kuutaifisha. Chama cha Uprona kilichozaliwa baadaye kilipata Buyenzi na Bwiza maskani yake ya kwanza ya mjini, na Kiswahili, lugha iliyodharauliwa na mapadri wengi wa zama hizo kuwa lugha ya bandari na ya dini nyingine, kikawa lugha ya kuhutubia. Ng'ambo ya mpaka, Mwalimu Julius Nyerere na Tanu walimwangalia kama ndugu.

Wabelgiji walimfungia nyumbani mwishoni mwa 1960, wakati wa uchaguzi wa wilaya, na Uprona ikashindwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Septemba 1961, uchaguzi ukafanywa mbele ya macho ya Umoja wa Mataifa, Uprona ikatwaa viti 58 katika 64, na Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Hakuishika kazi hiyo hata mwezi. Usiku wa tarehe 13 Oktoba, alipokuwa akila katika Hoteli Tanganyika karibu na ziwa, Mgiriki mmoja, Jean Kageorgis, alimpiga risasi kutoka gizani. Njama hiyo ilitoka kwa mahasimu wake wa kisiasa, na Kageorgis alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, kana kwamba Wabelgiji walitaka kuifunga hesabu hiyo kabla hawajakabidhi funguo.

Rwagasore alizikwa katika kilima cha Vugizo, mahali ambapo mji wote huonekana, na ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Ndipo majina yalipoanza kuja: barabara kuu ya katikati ya mji, zahanati, uwanja wa michezo. Naona jambo la ajabu katika kudumu kwa majina hayo, nalo si dogo. Baba yake alipinduliwa Julai 1966 na mwanawe mwingine, Charles Ndizeye; huyo naye akapinduliwa na Michel Micombero tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, ufalme ukafutwa, na mwaka 1972 Ndizeye mwenyewe akauawa Gitega. Jamhuri ilichukia ufalme, lakini haikumchukia mwana wa mfalme aliyekufa; ilimhitaji. Micombero, kisha Jean-Baptiste Bagaza, kisha Pierre Buyoya, kila mmoja aliingia kwa mtutu wa bunduki, na kila mmoja alikwenda Vugizo tarehe 13 Oktoba kuweka shada la maua. Mapinduzi yenyewe yaliingizwa katika ramani ya mji kwa tarehe zake, hata leo mtu hupita Boulevard du 28 Novembre akielekea kazini, asikumbuke kwamba anakanyaga mwisho wa nasaba ya wafalme. Tarehe haina uso. Jina la mtu lina uso, na uso wa Rwagasore ulikuwa na uwezo wa kuwatakasa waliosimama karibu nao.

Uwanja nao ulipata maisha yake mbali na mahesabu ya ikulu. Pale gwaride la uhuru lilipita kila mwaka. Pale Vital'O ilicheza, klabu iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992 na kushindwa na Africa Sports ya Kodivaa. Sidhani kwamba katika vifijo vya siku kama hizo wengi walimkumbuka marehemu. Lakini jina linalotamkwa na maelfu kwa ajili ya jambo jingine huingia katika damu kwa mlango wa nyuma, na hilo ndilo fungu ambalo mwenye kutoa jina hawezi kulipanga.

Basi kwa nini liliondolewa? Waliotetea tendo hilo walisema kwamba Burundi ina mashujaa wengi, na kwamba jina linalowakusanya wote ni bora kuliko jina la mmoja. Hoja hiyo ina adabu, nami sitaki kuidharau, kwa kuwa nchi iliyomwona Ndadaye akichaguliwa Juni 1993, akaapishwa Julai na kuuawa Oktoba, na kisha ikapita katika miaka ya vita, haina haki ya kumlilia mfu mmoja peke yake. Hata noti ya faranga 10,000 iliyotolewa mwaka 2004 iliziweka sura za wawili hao pamoja, Rwagasore na Ndadaye, juu ya karatasi moja. Lakini kama nia ilikuwa ni kuwaheshimu wote, vipo viwanja vingine ambavyo havikuwa na jina la mtu, na mashujaa wangeweza kupewa hivyo. Kumnyang'anya mmoja ili kuwapa wote ni namna ya kuwapa wote kitu kisicho cha mtu yeyote. Jina la Intwari halimuudhi mtu, na hiyo ndiyo ila yake.

Mwaka mmoja baadaye, Dar es Salaam ilitoa mfano wa upande wa pili. Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, ambaye tangu 2016, Warundi walipokuwa wakigombana tena, ndiye aliyekuwa msuluhishi wa mazungumzo yao kwa niaba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, alifariki Julai 2020, na Rais John Magufuli akatangaza katika msiba huohuo kwamba Uwanja wa Taifa utaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hapakuwa na mfu aliyeondolewa ili yeye aingie. Nairobi ina mfano wa zamani zaidi, na kwa rai yangu ulio bora: bustani ya Jeevanjee, aliyoitoa Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906 kwa watu wa mji, na ambayo mwaka 1991 ilipotakiwa kujengwa majumba, ilitetewa na mjukuu wake na Wangari Maathai mpaka ikasalimika. Jina la Jeevanjee halikuwekwa na dola, bali limekuja na zawadi yenyewe, kama visima na misikiti ya wakfu katika Mombasa na Unguja, ambavyo huitwa kwa majina ya waliovitoa, na mtu akinywa maji humwombea marehemu bila ya kuagizwa na mkuu wa wilaya.

Wenyeji wa Bujumbura wana rejesta yao ya majina, isiyopitia katika gazeti la serikali. Soko ambalo bango lake husema Bujumbura City Market, wao huliita Kwa Siyoni. Mtaa wa Ngagara, uliojengwa na shirika la Kibelgiji la nyumba za Waafrika, wengine wangali wakiuita OCAF, ingawa shirika hilo lilikufa na ukoloni. Na uwanja wa Intwari? Mwambie dereva wa teksi aliyevuka umri wa miaka arobaini akupeleke Rwagasore, naye atakuuliza tu kama wataka uwanja, barabara au zahanati.

Iko bustani moja katikati ya mji, chini ya miti mikubwa, ambayo watu huiita Jardin Public na basi. Ikiwa siku moja wakuu wa mji watashikwa na shauku ya kuipa jina, ningependa wasitazame tena Vugizo wala uwanja wa ndege. Waulize katika avenyu za Buyenzi majina ya wale wajane walioikataa kodi ya miaka ya 1950, ambao hawana barabara, hawana noti, na wajukuu wao wengi wangali hai na wanayakumbuka.